Mbinu ya Sufuria

Binti yao aliporudi nyumbani katikati ya juma, na begi lake lote mkononi, Fundi hakuondoa mguu kwenye cherehani. Aliuliza tu, macho yakiwa bado kwenye sindano, "Chuo kimefungwa?"

"Hakijafungwa, mama."

"Basi wewe ndiye uliyefungiwa."

Binti akaketi kwenye benchi la wateja, akaanza kulia. Mwalimu, aliyekuwa upande wa pili wa chumba akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ndivyo alivyofanya kila alipotaka watu wajue kwamba sasa jambo limefika kwa mkubwa wa nyumba.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Binti alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu. Alikuwa ameandika andiko lake la kuhitimu, juu ya namna ya kufundisha jiografia kwa kutumia vitu vya nyumbani, na mkuu wa idara alilisifu mbele ya darasa zima. Kisha mwenzake mmoja, ambaye andiko lake halikusifiwa, akaleta kijitabu chenye jalada la kung'aa kinachouzwa kwa wanafunzi wa sekondari, akakifungua mezani kwa mkuu wa idara. Sentensi kwa sentensi, andiko la Binti lilikuwa humo. Kikao cha kuamua wizi kilikuwa Ijumaa. Akikutwa na hatia, andiko lingefutwa na mwaka ungerudiwa.

"Kurudia mwaka," alisema Fundi, kama mtu anayeonja neno. "Karo ya mwaka huu nimeishona. Sijui mwaka mwingine nitaushona kwa mgongo wa nani."

"Kijitabu chenyewe cha nani?" aliuliza Mwalimu.

Binti alikitoa kwenye begi. Nyuma ya jalada, kwenye picha, alikuwamo mwanamume amekunja mikono kifuani, akitabasamu kama aliyemaliza kula. Mwalimu alimtambua mara moja. Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, ambaye siku hizi alikuwa na vyumba vyake vya masomo ya ziada na mji mzima ulimwita Bwana Tuisheni. Mwalimu akafungua ukurasa mmoja, akafungua wa pili, akasimama.

"Hizi ni notisi zangu!"

"Ndizo hizo, baba. Mimi nilitoa kwenye notisi zako zilizopo kabatini. Hicho kijitabu sikuwahi hata kukiona."

"Kwa nini hukuandika kwamba umetoa kwangu?"

Binti alifuta pua. "Nilidhani vya nyumbani ni vyetu."

Mwalimu akakifunga kijitabu, maana hata yeye ndivyo alivyodhani.

Notisi zile zilikuwa na jina kubwa. Kabla ya kila muhula, meza ya chakula ya nyumba hii iligeuka kiwanda. Mwalimu alikuwa na mwandiko mzuri kupita kiasi, herufi zake zilisimama kama askari wa gwaride, ila hakuweza kutazama kitabu na karatasi kwa pamoja bila kuruka mstari. Kwa hiyo Fundi alishika kile kitabu kikubwa cha jiografia chenye jalada la bluu, akasoma kwa sauti, na Mwalimu akaandika. Akiandika hakusikia maneno, alisikia herufi. Kurasa zikishatoka zilikwenda kurudufiwa, na juu ya kila ukurasa kulikuwa na mstari mmoja uliopigiwa wino mzito: Zimetayarishwa na Mwalimu, na jina lake lote.

Wanafunzi walizipenda kuliko kitabu chenyewe. Walikuwa wakikariri ile sentensi isemayo kwamba ardhi isiyo na mizizi ni kama nguo isiyopigwa pindo, uzi mmoja ukitoka na mwingine unaufuata. Na walipenda zaidi jaribio la volkano. Notisi zilieleza kwamba uji wa miamba hupoa kuanzia juu huku ndani ukiwa bado moto, halafu, peke yake kwenye mstari wake, kulikuwa na agizo: Tazama sufuria. Basi wanafunzi wakawa wanapika uji mzito, wanauacha upoe, wanatazama ngozi inavyojitengeneza juu, kisha wanaitoboa kwa kijiti waone moshi. Mwalimu mwenyewe aliwahi kulifanya jaribio hilo mbele ya mkaguzi, akapongezwa. Binti alilijengea sura nzima katika andiko lake na kuipa jina: Mbinu ya Sufuria.

"Nitakwenda kwa huyu kijana," alisema Mwalimu. "Ataeleza."

"Kanywe maji kwanza," alisema Fundi. "Umebadilika rangi."

*

Bwana Tuisheni hakumweka Mwalimu muda mrefu. Alimweka tu ule muda unaotosha wazazi wote waliokuwa barazani kumwona amewekwa. Kisha mlango ukafunguliwa.

"Shikamoo mwalimu wangu!"

"Marahaba."

"Karibu, kaa, kaa hapo." Kiti kilikuwa cha wanafunzi, kifupi, chenye kibao cha kuandikia mbele. Mwalimu akajipenyeza. Magoti yake yakagusa kibao.

"Umechapisha notisi zangu," alisema.

"Nimezihifadhi, mwalimu. Zingepotea zile."

"Kwa jina lako."

"Nimetafuta mchapaji mimi, nimelipa mimi, jalada nimechagua mimi. Ile rangi unaionaje?"

"Nzuri," alisema Mwalimu, kabla hajajizuia. "Lakini maneno ni yangu. Binti yangu anaitwa mwizi kwa sababu yako. Njoo chuoni Ijumaa useme ulikoyapata."

Bwana Tuisheni alifunga mlango taratibu. Alipogeuka, heshima ilikuwa bado usoni, ila sauti ilikuwa ya mtu aliyewahi kufikiria swali hili kabla.

"Mwalimu, na wewe uliyapata wapi? Sisi tulikuwa tunakiona kile kitabu cha bluu mezani kwako. Uliwahi kumwomba ruhusa aliyekiandika?"

"Ilikuwa kwa ajili ya kufundishia."

"Na mimi nafundisha."

"Mimi sikuuza."

"Tulikuwa tunachangia kurudufu, mwalimu. Wasiochanga walikuwa wanakaa nje." Alisema hivyo bila kinyongo, kama anayekumbuka mambo mazuri ya shule. "Ukinipeleka popote, tutasimama wote wawili. Wewe mbele, mimi nyuma yako, kwa heshima. Mimi nitakuwa nimemwibia mwizi. Sijui kama hilo nalo ni kosa, nitauliza."

Mwalimu alijaribu kusimama, kiti kikasimama naye. Bwana Tuisheni akamsaidia kutoka, akamsindikiza hadi barazani, na mbele ya wazazi wale akamkabidhi nakala ya kijitabu.

"Kwako wewe, mwalimu wangu, nusu bei."

Watu walikuwa wanatazama. Mwalimu akaingiza mkono mfukoni, akalipa.

*

Jioni hiyo alikaa na ile nakala mapajani bila kuifungua. Fundi alikuwa akipima shati la mteja kwenye meza, vidole vyake vikitembea na kanda.

"Nimebanwa," alisema Mwalimu. "Nikikaa kimya, mtoto anakuwa mwizi. Nikisema, mwizi ni mimi. Nimefundisha miaka yote hii, nimewachapa watoto kwa kutazamia kwenye mtihani, leo nasimama mbele ya watu naeleza kwamba mimi ndiye mtazamiaji mkubwa."

"Utasema?"

"Nitasema. Mtoto hatarudia mwaka kwa ajili yangu." Alikuwa na hofu, na hakuona haya kuionyesha, kwa kuwa aliyekuwapo alikuwa mkewe tu. "Huenda na kazi ikaenda."

"Utasema nini hasa?"

"Kwamba nilinakili kitabu. Neno kwa neno."

Kanda ikasimama. "Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno. Si wewe mwenyewe ulikuwa unanisomea?"

Fundi alikata uzi kwa meno, akautema. Akatafuta chaki yake ambayo ilikuwa mkononi.

"Ijumaa nitakuja na nyinyi," alisema.

"Kufanya nini?"

"Kukaa. Viti vya huko si vinakalika?"

*

Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu na jagi la maji lisilo na glasi. Mkuu wa idara alikaa katikati, kalamu zake zimepangwa sambamba. Kando yake alikaa mkutubi wa chuo, mama mmoja mwenye mafua, ambaye ndiye aliyekuwa na kazi ya kuchunguza maandiko yanayoshukiwa. Binti aliwekwa kwenye kiti kilichokaa peke yake.

"Na huyu mama?" aliuliza mkuu wa idara.

"Mama yake," alisema Mwalimu.

"Karibu mama. Unaweza kusubiri nje, kuna kivuli kizuri."

"Nimeshakaa," alisema Fundi.

Mwalimu alisimama, akafunga kifungo cha koti. Alisema kwamba mtoto huyu hakuiba kijitabu, kwa kuwa kijitabu nacho kiliibwa kwenye notisi zake yeye. Halafu akavuta pumzi, akasema kwamba na yeye hakuzitunga. Alizinakili kutoka kitabu cha mtu, neno kwa neno, miaka mingi, bila kumwomba wala kumtaja, na juu ya kila ukurasa akaweka jina lake. Alipomaliza, kifua kilikuwa chepesi. Kusema kweli alijisikia vizuri kidogo. Aliona kwamba amefanya jambo kubwa, la kibaba.

"Kitabu kipi?" aliuliza mkutubi.

Mwalimu alikitoa mfukoni mwa begi, kile cha bluu, akakiweka mezani. Mkutubi akapenga kamasi, akaweka andiko la Binti upande huu na kitabu upande ule, akaanza kulinganisha kwa kidole. Wote walikitazama kidole.

"Maana ya mmomonyoko. Sawa, ni ya humu. Maana ya volkano, sawa. Maana ya bonde, sawa." Kidole kikasimama. "Hii ya nguo na pindo siioni."

"Imo," alisema Mwalimu.

"Nionyeshe."

Mwalimu alikichukua kitabu, akafungua mbele, akarudi nyuma, akaenda mbele tena. Kitabu kilikuwa chake kwa miaka mingi, ila aliyekisoma alikuwa mkewe.

"Labda toleo," alisema.

"Umesema ni hiki hiki."

"Basi jaribio la sufuria. Hilo limo, sura ya volkano."

"Hakuna sufuria kwenye kitabu hiki," alisema mkutubi. "Nimetazama hadi faharasa. Maelezo yote ya andiko hili, ukitoa zile maana za maneno, hayamo. Mambo ni yale yale, lakini mwandishi huyu hakuyasema hivi. Hata angetaka asingeweza, anaandika kama barua ya serikali."

Mkuu wa idara alisogeza kalamu moja. "Mwalimu, umekuja kukiri wizi ambao hukuufanya?"

"Nimeufanya!" Mwalimu alipandisha sauti kama mtu anayedhulumiwa. "Nilinakili mimi mwenyewe, kwa mkono wangu!"

"Kutoka wapi?"

Kwenye kiti cha nyuma Fundi alikohoa.

"Ni mimi," alisema.

Wakageuka wote.

"Kile kitabu kina sentensi ndefu, bwana mkuu. Ukianza kuisoma, hadi unafika mwisho umesahau ulikotoka. Na mimi nilikuwa nimetoka kushona kutwa. Basi nikawa nasoma kimoyomoyo, halafu namwambia kwa maneno yanayoeleweka. Yeye alikuwa anaandika tu."

"Lini?" aliuliza Mwalimu.

"Siku zote."

"Siku zote?"

"Zile maana za maneno nilizisoma kama zilivyo. Hizo niliona ni kama vipimo, ukizigusa utaharibu. Hayo mengine nilikuwa najisemea."

Mkuu wa idara aliegemea mbele. Mbinu ya Sufuria ndiyo aliyoisifu darasani, na alishaamuru ifanywe kwa vitendo kwenye veranda ya idara. "Na jaribio la sufuria, mama? Hilo ulilibuni vipi?"

"Sikulibuni. Sufuria ilikuwa jikoni inaungua. Nilimwambia aitazame."

"Ulimwambia nani?"

"Huyu. Nilisema, tazama sufuria. Akaandika."

Mkutubi alificha uso wake ndani ya leso, akakaa humo muda mrefu kuliko mafua yanavyohitaji. Alipotoka alimgeukia Mwalimu. "Na wewe ulifanya nini?"

"Niliandika," alisema Mwalimu.

"Sufuria je?"

"Iliungua," alijibu Fundi.

Binti alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Sura nzima ya andiko lake, yenye vichwa vya habari na mchoro, ilikuwa imesimama juu ya chakula kilichoungua.

"Hata hivyo," alisema mkuu wa idara baada ya kujikusanya, "aliyeandika ni Mwalimu. Mwandishi ni anayeandika."

"Hapana," alisema mkutubi. "Karani wako akikuchapia barua, barua ni yako au ya karani? Mambo yenyewe hayana mwenyewe. Kwamba maji yanabeba udongo, hilo ni la kila mtu. Lakini maneno ya kulieleza yana mwenyewe tangu yalipotua kwenye karatasi, awe amejiandikisha mahali au hakujiandikisha, awe msomi au fundi. Mwalimu anaweza kunukuu kiasi kwa ajili ya darasa lake, na amtaje aliyesema. Akitaka kubeba kurasa nzima nzima, kumtaja hakutoshi. Lazima aombe. Na akiomba, bado amtaje."

"Kwa hiyo mimi nimekosa nini?" aliuliza Binti kwa sauti ndogo. "Kama ni ya mama yangu?"

"Umechukua kurasa za mama yako na hukumtaja. Ungenukuu za jirani ungemtaja?"

"Nimemtaja! Kwenye shukrani!"

Mkuu wa idara, ambaye alikuwa mtu wa haki, alifungua ukurasa wa mwanzo na kuusoma kwa sauti. "Shukrani za pekee zimwendee baba yangu mpendwa, chemchemi ya elimu yangu, ambaye bila notisi zake andiko hili lisingekuwepo. Namshukuru pia mama yangu kwa chakula."

Hakuna aliyethubutu kumtazama Fundi. Fundi alikuwa akinyoosha sketi yake magotini, na sketi haikuwa imejikunja.

Uamuzi ulikuwa hivi. Kijitabu cha Bwana Tuisheni hakikuwa na haki juu ya mtu yeyote, na shtaka la kukiiba likafutwa. Lakini Binti angeandika upya: maana za maneno azifunge kwenye alama za kunukuu na kumtaja mwenye kitabu, na maelezo marefu ayatumie kwa ruhusa ya mwenyewe, kwa jina la mwenyewe. Siku ya mwisho ni Ijumaa inayofuata. Bila ruhusa, kurasa hizo zitolewe, na zikitolewa hakuna andiko, na bila andiko ni kurudia mwaka.

"Ruhusa ya nani?" aliuliza Binti, akiwa bado hajaelewa.

Macho yote yakaenda kwenye kiti cha nyuma.

"Nitafikiria," alisema Fundi.

*

Alifikiria Jumamosi, akafikiria Jumapili. Alipika, akashona, akajibu salamu. Binti alifagia uwanja mara mbili kwa siku na kuosha vyombo ambavyo havijatumika. Mama yake alimwambia ahsante, na si zaidi. Jumatatu Binti aliandika sura mbili upya, akaacha nafasi wazi palipokuwa na maneno ya mama yake. Karatasi ikawa na mashimo kama nguo iliyoliwa na mende.

Siku ya Jumanne Mwalimu hakuvumilia.

"Mama watoto, mtoto atarudia mwaka."

"Sijasema hapana."

"Hujasema ndiyo."

"Na wewe hujauliza kitu."

Mwalimu alivuta kiti karibu na cherehani. Alijiona mdogo, kama siku ile kwenye kile kiti cha wanafunzi. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani si jambo. Nilidhani ni ya nyumbani, kama kukukumbusha miwani." Fundi aliendelea kukanyaga, taratibu. "Siku moja watoto wa shule walipita hapo nje wanaikariri ile ya pindo. Kama asemavyo Mwalimu, wanasema, halafu wanaitaja yote. Nilicheka peke yangu. Nikasema, akirudi tutacheka wote. Ukarudi. Ukaniambia mkaguzi amekusifu kwa sentensi ile ile. Ulikaa hapo hapo ulipokaa sasa, ukaniambia mimi, jinsi ulivyosifiwa."

"Nilidhani ni ya kitabu!"

"Basi ungemwambia ni ya kitabu. Wewe ulimwambia ahsante."

Cherehani ikaendelea. Mwalimu alikuwa amejiandaa kuona aibu mbele ya chuo, akaipata, na ikaisha Ijumaa ile ile. Hii ya nyumbani haikuwa na kikao wala mkuu wa idara wa kuifunga. Iliuma mahali ambapo hakujua kama panauma. Akainuka, akaenda kukaa nje, asijue nje amefuata nini.

*

Alhamisi, siku moja kabla ya mwisho, Bwana Tuisheni alipiga hodi. Jalada la kung'aa lilikuwa kwapani, ila tabasamu la nyuma ya kitabu lilibaki nyuma ya kitabu. Mkutubi alikuwa ameziandikia shule zilizoagiza kijitabu, na shule zilikuwa zimekataa kukipokea hadi aonyeshe ruhusa.

Alimkuta Mwalimu kwenye benchi la wateja. Kando yake alikuwa Binti, karatasi zenye mashimo mapajani. Fundi alikuwa akiweka vifungo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Nimekuja tuyamalize, mwalimu wangu. Wewe na mimi. Sema unachotaka."

"Mimi si mwenyewe," alisema Mwalimu, na alishangaa jinsi maneno yalivyotoka bila kumkwaruza koo. "Mwenyewe ni yule. Kaa, tupo kwenye foleni."

Bwana Tuisheni akaketi mwisho wa benchi. Likalalamika, likatulia.

"Wa kwanza," alisema Fundi.

Binti alisimama mbele ya cherehani. "Mama, naomba ruhusa kutumia maneno yako kwenye andiko langu. Nitaandika jina lako kila mahali ulipozungumza. Na kule mbele nimefuta. Nimeandika upya." Akaanza kulia kabla hajafika kwenye hayo aliyoyaandika, ikabidi ayasome kwa vipande. Alikuwa ameandika kwamba mama yake ndiye aliyemfundisha jiografia, kupitia mkono wa baba yake, na kwamba yeye hakulijua hilo hadi alipoambiwa mbele ya watu, na kwamba anaona aibu.

Fundi alimsikiliza hadi mwisho, sindano ikiwa hewani. Macho yake yalikuwa yameloa, akayaacha yaloe.

"Hilo la aibu litoe," alisema. "Ni la mimi na wewe, chuo hakihusiki. Mengine chukua, nimekuruhusu. Lakini ile sufuria usiseme ni jaribio la wataalamu. Sema iliungua, halafu wewe ndiye uliyeona kwamba inafundisha. Hilo ni lako, si langu."

Binti aliandika ruhusa, mama yake akatia sahihi juu ya meza ya kukatia, na mwaka ukawa umepona. Binti alimkumbatia shingoni kwa nguvu hadi vifungo vikamwagika.

"Wa pili."

Bwana Tuisheni aliinuka.

"Hujafika," alisema Fundi. "Kuna mtu mbele yako."

Mwalimu alisimama. Alikuwa ameandaa maneno mazuri, yenye utangulizi na hoja tatu, kama anavyowafundisha wanafunzi wake, na alipofika mbele ya cherehani halikuwepo hata moja.

"Unataka nini?" aliuliza Fundi.

"Ruhusa. Ya kufundishia maneno yako."

"Na huko nyuma?"

"Huko nyuma sina la kujitetea." Alizungumza chini chini, kwa ajili yake tu. "Nilisifiwa kwa kichwa chako. Nikazichukua sifa, nikazila peke yangu, nikaja kukuhadithia zilivyokuwa tamu. Nimekukosea, mke wangu."

Fundi akainama, akaokota kifungo kimoja kilichokuwa kimeviringika hadi mguuni pa cherehani.

"Sema tena," alisema. "Huyu wa kwenye benchi hakusikia."

Mwalimu akamgeukia mwanafunzi wake wa zamani. Alisimama wima kama anayeanza kipindi, akalisema lote tangu mwanzo, kwa sauti ya darasani, bila kuruka mstari. Bwana Tuisheni alisikiliza, mikono magotini, macho yakienda mlangoni na kurudi.

"Haya, nimekuruhusu," alisema Fundi, akitunga uzi mpya kwenye sindano. "Anayefuata."